Boriti ya Vidole Vinne

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Atim amepiga kichwangomba sasa hivi. Cha kwanza. Alikuwa amesimama kwenye mkeka, akainama, akaniangalia katikati ya miguu yake kama mbuzi anayechungulia chini ya ua, halafu puu, mgongo chini. Akakaa. Akageuka kutafuta ni nani aliyemsukuma. Hakumwona mtu. Akajipigia makofi mwenyewe.

Mwaka mmoja na miezi miwili. Baba yake hajamwona hata akitembea.

Naandika haraka nisije nikasahau kumwambia baba yake, Ogwang. Ndiyo kazi ya daftari hili. Darasa la sita halikunipa mengi, lakini tarehe najua kuandika.

Yuko mpakani kaskazini tangu Machi. Konstebo tu, hana kosa, ila jina lake na kwao, maana siku hizi watu wa kwao hawaaminiwi. Barua moja, mistari mitatu. Ilianza "Rozi wangu". Hapa kambini wote wananiita Mama Atim. Jina langu ameondoka nalo.

Mke wa chumba cha nne aliletewa kwa gari kofia na mkanda wa mumewe. Hakuelezwa kitu. Siku hizi gari likikata kona kuja upande wetu, namnyakua Atim.

Mazoezi ya sarakasi leo: kuruka farasi wa mbao mara kumi, vyuma vya kuning'inia mara sita. Boriti ya kutembelea juu yake nimeanguka mara tano. Paja la kushoto limegeuka rangi ya bilinganya. Matiti nilifunga kwa kipande cha kanga. Kuruka na maziwa ni kama kuruka na mitungi.

Jumatano, 7 Agosti

Kapteni, mwanajeshi aliyewekwa mkuu wa timu, alitupanga mstari leo. Wanawake sita. Aliyetuchagua ni yeye, mwezi wa Februari, uwanjani: nani anaweza kusimama kwa mikono? Mimi nilifundishwa shuleni, nikasimama kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyoingia timu ya sarakasi ya taifa. Mjinga mimi.

Amesema juu ya mashindano ya tarehe kumi na saba: "Wageni nakuja. Dunia yote taangalia. Mimi sitaki kikombe, kikombe waache wachukue. Nataka kitu moja tu. Musikuwe wa mwisho."

Halafu akagawa karatasi. Kila mmoja aandike haja yake moja. Tusipokuwa wa mwisho, atatimiza.

Nakato akaandika sabuni. Sajini Zaituni, kiongozi wetu, akaandika mabati ya nyumba ya mama yake. Mimi niliandika: Konstebo Ogwang arudishwe Kampala.

Kapteni akaisoma. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Tukiwa wa mwisho je?

Niliporudi nilimnyonyesha Atim nikalia. Labda nimemwokoa baba yake. Labda nimemtaja kwa watu waliokuwa wamemsahau.

Jumamosi, 10 Agosti

Boriti imenishinda. Nasema kweli, hapa hakuna wa kunisikia.

Vyombo vyetu vyote vimetoka Katwe kwa fundi Ssali. Ubao wa kurukia kaweka springi za lori, unakutupa kama punda. Boriti ni ya mvule. Ilipokuja mara ya kwanza ilitutia vibanzi miguuni. Kapteni akairudisha ilainishwe. Ikaja. Akapitisha kiganja, akairudisha tena. Sasa ni kioo. Kapteni akatia saini kwamba imepokelewa na iko sawa.

Madamu, mwalimu wetu wa kigeni, alikuta yote hayo yameisha. Alikuja mwezi wa Juni kutoka nchi ya theluji. Kiswahili chake maneno matatu: mguu, mkono, bado. Ukifanya vizuri, bado. Ukivunja shingo, bado.

Kila asubuhi anaweka mkono juu ya boriti, anatikisa kichwa, anamwambia mkalimani maneno mengi. Mkalimani ni Konstebo Barasa, alisoma kule kwao Madamu miaka miwili. Madamu anasema mpaka anachoka. Barasa anatugeukia: "Madamu anasema mkaze miguu."

Leo Madamu alisema mpaka uso ukawa mwekundu, anafungua vidole viwili, anavifunga, anavifungua.

Barasa: "Anasema mkaze miguu sana."

Tulicheka. Barasa hakucheka.

Nimeanguka mara nne.

Jumatatu, 12 Agosti

Vibaya. Ule ubao wa springi umemtupa Nakato akatua kombo. Kifundo cha mguu kimevimba kama embe.

Taratibu za mchezo ni hivi: wanacheza sita, alama ya chini kabisa kwenye kila chombo inatupwa, zinahesabiwa tano. Kwenye boriti wa kutupwa siku zote ni mimi. Nilikuwa nimeshazoea. Sasa tumebaki watano na hakuna wa kutupwa.

Nilikaa nyuma ya ukumbi nikalia. Nakato akanifuata kwa mguu mmoja. "Nnyabo, dada yangu, usirie. Ukiria mimi tacheka, na mguu nauma." Tukacheka wote. Lakini naogopa. Ningeweza kuomba sabuni kama mwenzangu.

Mama Tabani, jirani ninayemwachia mtoto, kaniambia, "Wewe lala. Mtoto iko na mimi. Mungu iko na Ogwang." Sikulala.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepata kitu cha kuandika. Mungu wangu.

Leo tulipelekwa kujaribu vyombo vya mashindano kwenye ukumbi mkubwa. Vimeletwa na ndege, vinang'aa. Wasichana wa kigeni wako kila pembe, wadogo, wamefunga nywele kwa riboni. Mimi miaka ishirini na moja nilijiona bibi yao.

Nikapanda boriti. Hatua moja. Mbili. Nikasimama. Nikajua nimekosea, hiki ni chombo kingine, labda cha kufundishia watoto. Chini ya mguu kulikuwa na mbao bado imebaki, huku na huku. Nikageuka. Nikageuka tena. Kama natembea barabara ya Ntinda.

Nikashuka, nikapima kwa mkono. Boriti yetu ni vidole vinne, najua, nimeishika vya kutosha wakati wa kuanguka. Hii inachukua vinne na gumba, na nafasi kidogo.

Madamu alikuwa ananitazama. Akaonyesha boriti. Akaonyesha vidole vyake viwili, akafungua hivi. Akamwonyesha Barasa. Akakaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Au alikuwa analia.

Sajini Zaituni akaelewa. "Wewe Barasa! Miezi miwili tunaanguka sababu ya mdomo yako?"

Barasa akasema polepole, "Afande, boriti ilipokelewa na Kapteni kwa saini yake. Ningesemaje ni nyembamba? Mimi nina watoto."

Hata mimi nisingesema. Nami nina mmoja tu.

Fundi Ssali hana kosa. Alipima sawa. Ila kila iliporudishwa ilainishwe, randa ilikula upana.

Mchana wote hakuna aliyeanguka. Hata mmoja. Barasa ametafsiri neno kwa neno leo, jasho linamtoka, mpaka Zaituni akamwambia apumzike. Tatizo limehamia kwingine: ubao wao wa kurukia ni mpole. Tumezoea punda, huu unakubembeleza.

Jumapili, 18 Agosti, baada ya kanisa

Jana. Niandike yote.

Tulianzia kwenye mkeka. Sawa tu. Halafu farasi, na hapo tukaharibu. Zaituni alikimbia kama kawaida, akakanyaga, akangoja kutupwa. Hakutupwa. Akagonga farasi kwa mapaja. Ukumbi ukasema aah. Wengine tukaruka kwa woga. Vyuma: hivi hivi.

Ubao wa alama ukaandikwa. Sisi chini kabisa. Chombo kimoja kimebaki, boriti.

Kapteni alikuwa safu ya mbele. Mimi sikumwangalia uso. Niliangalia ule mfuko, umefungwa kifungo. Nikawaza, mle ndani kuna Ogwang.

Wa kwanza akapanda, akashuka kwa miguu yake. Wa pili hivyo hivyo. Zaituni, mapaja yanamuuma, akapita kama anakwenda sokoni Nakawa. Wa nne akayumba, akabaki. Watu walianza kunong'ona. Upande wa pili timu iliyokuwa juu yetu ilikuwa kwenye farasi, na wao wakaanza kukaa chini kwa makalio. Mmoja, halafu mwingine. Yule ubao mpole haukuwapenda hata wao.

Mimi wa mwisho.

Nilikuwa katikati ya boriti, mguu mmoja hewani, Atim akalia. Nilimjua. Watoto elfu wakilia pamoja wako utamjua. Mama Tabani alikuwa amemleta akae nyuma, ati aone mama. Na maziwa yakaja. Kanga haikuzuia. Nilihisi joto linashuka mbele ya vazi, mbele ya majaji, mbele ya dunia yote ya Kapteni.

Nikageuza kichwa kumtafuta. Kidogo tu. Mguu ukateleza.

Uliteleza upana wa kidole. Kwenye boriti ya Katwe ningekuwa chini. Hapa nilikuta kidole kile kipo. Mbao ilikuwepo. Nikasimama juu yake nikapumua. Sijui nilikaa muda gani. Nakato anasema kufumba na kufumbua. Mimi naona kama mwaka.

Nikamaliza. Nikaruka. Nikatua. Miguu miwili pamoja.

Tumekuwa wa pili kutoka mwisho.

Tulikumbatiana tukapiga vigelegele, Nakato anaruka kwa mguu mmoja, Zaituni ambaye hacheki alilia kamasi. Wale wasichana waliochukua kikombe walikuwa wanapeana mikono kimya kimya, wakatuangalia wakashangaa. Wakadhani hatujui kusoma ubao. Madamu alinishika mashavu. "Sawa," akasema. Neno la nne. Sijui alijifunza lini.

Kapteni akaja. Akaona vazi langu limelowa, akaangalia pembeni haraka, mtu mkubwa vile. Akasema, "Nimeona." Akaondoka.

Nimeona tu. Kifungo hakukifungua.

Jumatano, 21 Agosti

Hakuna neno. Nimefua. Nimepika posho, ugali wa kila siku. Mwili wote unauma lakini kifua chepesi. Lililokuwa langu nimelifanya.

Ijumaa, 23 Agosti

Nakato ameletewa sabuni! Miche miwili. Kampala hii hata duka la maofisa halina. Amenikatia nusu mche kwa kisu. "Mama Atim, oga, uwache kunuka maziwa mbere ya wageni." Mshenzi. Nampenda.

Karatasi zinasomwa, basi.

Jumatatu, 26 Agosti

Mabati ya Zaituni yamefika. Kumi na mbili, mapya.

Barasa kanisimamisha mlangoni pa ukumbi. Hakunitazama, alijifanya anafunga kamba za viatu. Alisema ameona barua ya uhamisho inapigwa chapa ofisini, jina lenyewe mtu aliliwekea mkono, zikabaki kuonekana herufi tatu za mwanzo. Ogw. Nikamuuliza, una hakika? Akasema, "Dada, safari hii natafsiri kama ilivyo."

Sitaki kuamini. Nikiamini na lisiwe, nitavunjika. Lakini nimefua shati lake la kijani. Kwa ile nusu mche.

Kapteni alipita ukumbini leo, akapitisha kiganja kwenye boriti yetu, akaona alama za kucha. Ameamuru irudishwe Katwe ikalainishwe tena. Tulipiga saluti. Madamu alimwangalia Barasa. Barasa akaangalia dari. Mwaka ujao tutatembea kwenye kamba.

Alhamisi, 29 Agosti

Mvua ilinyesha asubuhi, sasa jua. Shati la kijani limekauka. Nimelikunja, nimelikunjua, nimelikunja.

Gari lilikata kona kuja huku kwetu saa nne. Nikamnyakua Atim kama zamani. Lilikuwa la kuni.

Atim anapiga vichwangomba sasa bila kukoma, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Havijanyooka, anaishia upande. Namwambia bado. Anacheka. Halafu namwambia sawa, kwa sababu ni mwanangu.

Nimetulia. Sijui kwa nini. Hakuna kilichobadilika chumbani humu, meza ile ile, sufuria ile ile. Ila nikifumba macho nahisi ule upana wa kidole chini ya mguu, mbao ipo. Nadhani mtu akishawahi kukuta mbao pale alipojua hakuna, haogopi tena kama mwanzo. Nitamwambia Ogwang hivyo, nikipata namna ya kulisema vizuri. Nitaanza na kichwangomba cha kwanza, tarehe tano, halafu

Kuna mtu anaita kule nje kwenye bomba la maji. Si Mama Tabani, ni sauti ya kiume. Na hasemi Mama Atim. Anaita Rozi. Kambi nzima hakuna anayeniita Rozi ila