Byron alijua

Bhoke, niko stendi ya Ndhiwa nalia kwa hasira.

Nimewaambia kina Byron tupimwe sickle cell, ule ugonjwa wa damu, kabla ya harusi. Mamake akaniuliza, "Unatuletea ugonjwa gani?" Ugonjwa gani! Na alizika wasichana wake wawili kwa huo ugonjwa akisema wamerogwa!

Nikamwambia mimi nilipima. Siumwi, lakini ninaubeba kwenye damu. Byron naye akibeba, watoto wetu wanaweza kuugua.

Ndio Byron akaniambia polepole, "Mimi pia ninabeba. Nilipima mwaka jana. Mama alinikataza nikuambie."

Mwaka jana, Bhoke! Na tumeshachagua majina ya watoto!

Nimevua pete nikamwekea mkononi. Mamake nimemwacha anapiga kelele ati nimekimbia damu yao. Mambo ya damu tungeongea. Lakini huyu Byron angeniacha nizae kwanza ndio nijue.