Nilisema Mashine Ibadilishwe

Kaka Zakaria,

Wameibadilisha. Naanza na hilo kwa sababu ungeniuliza hilo kabla ya salamu. Mashine yako ya mvuke iko nje ya kiwanda cha mbao, ubavu umepasuka, na kuku wanataga ndani ya jiko lake. Mahali pake wamefunga mpya, ya mafuta ya mazutu. Na mimi ndiye niliyesema iletwe.

Usinikasirikie kwanza. Tulipokwisha kukuzika, bwana wa kiwanda alileta fundi kutoka Goma. Fundi akagongagonga tangi, akasema linaweza kutiwa bamba jipya likaendelea. Bwana akanigeukia mimi, mdogo wako uliyemfundisha kuchochea moto: "Weye unaona namna gani? Tuitengeneze ao tuiache?" Mlangoni walikuwa wamejazana wabeba kuni kutoka Kashuga, maana mashine ya mazutu haili kuni. Unajua walichotaka niseme.

Lakini mimi nilikuwa naangalia viraka. Kila kimoja nilikumbuka ulivyokifunga huku ukiimba, umevaa lile shati lenye matundu, ilhali mashine haikukosa mafuta hata siku moja. Mama Furaha, mke wako, aliiita muke mwenzake, nawe ukacheka. Nilipokuambia imezeeka ulikuja juu: "Haijazeeka, iko inachoka tu. Muntu akichoka, munamutupa?" Basi tukaendelea kuitia viraka, hadi kimoja kikafunguka ukiwa umeinama palepale, na mvuke wote ukakupata wewe. Uliita jina langu, kaka. Hilo sijamwambia mtu.

Nikasema ibadilishwe.

Hii mpya haiunguzi mtu. Wabeba kuni wengi wamerudi kwenye maharagwe yao, na wengine hawaniamkii tena. Ila kinachonichoma zaidi ni maji. Wewe ndiye uliyezoea kuwafungulia bomba la pembeni akina mama waliojifungua, wapate maji ya moto ya kukandwa, kwa baridi hii ya Mweso. Bwana alinung'unika, ukajifanya husikii. Hii mpya haina cha kumpa mzazi isipokuwa moshi.

Juma lililopita binti yako Furaha alijifungua mtoto wa kiume. Asubuhi Mama Furaha akaja na ndoo, kama alivyozoea kuwachotea wengine. Akasimama mbele ya mashine mpya, akakumbuka. Nikaanza kujitetea, nikamwambia najua wewe ungekataa katakata. Hakuniacha nimalize.

"Angekataa. Njo maana tulimuzika."

Akaondoka na ndoo tupu. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa cha mafuta, machozi yananitoka mbele ya wafanyakazi wote.

Sijutii nilichomwambia bwana. Najuta kwamba sikushikilia neno hilo mbele yako ukiwa hai, hata kama tungegombana, hata kama ungenifukuza kazini. Niliogopa kukuudhi. Ningekuudhi, leo ungekuwa umembeba mjukuu wako.

Nimeweka pipa juu ya mafiga nyuma ya kiwanda, na mabaki ya mbao hayakosekani. Maji ya kwanza nilimpelekea Furaha mimi mwenyewe. Nakuahidi hakuna mzazi wa hapa atakayerudi na ndoo tupu maadamu mimi nipo.

Pumzika kwa Mungu, kaka. Moto nitauangalia mimi, ila nitasimama mbali kidogo.

Mdogo wako,
Yeremia