Alama Kwenye Kioo cha Sebuleni

Mume wangu Salimu, mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia huku Kariakoo, marahaba. Mama yako hajambo. Mimi pumzi zimebaki chache, basi nikujibu ulichouliza: kwa nini dirisha la sebuleni silifungi hata masika, mvua ikilowesha makochi.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nyumba za zamani zilikuwa zinabomolewa yajengwe maghorofa. Kiangazi vioo vyetu vilijaa vumbi la saruji. Mdogo wangu Idi alikuwa amezamia meli bandarini, kwenda ng'ambo bila tiketi, asisikike tena. Mama alimngoja pale dirishani, paji la uso kiooni, mpaka akafariki chumbani kwake.

Baada ya matanga nilisafisha kioo kwa siki na gazeti. Mvua za kwanza zikaleta ukungu, na alama ya paji la uso ikarudi. Mimi mwalimu wa sayansi nikasema ni mafuta ya ngozi ya Mama. Nikafuta. Ikarudi.

Jirani yetu, Mama Jayesh, akanitania: "Mwalimu, darasani unapiga watoto, kioo kinakushinda?" Akapitisha kidole chake, kisha akaacha kucheka. "Dada, hii iko upande wa nje."

Tulikaa ghorofa ya tatu hii hii, bila kibaraza.

Nilifungua dirisha. Harufu ya chumvi na dizeli, kama ya melini, ikanipita begani, ikaelekea chumbani kwa Mama.

Silifungi, Salimu, kwa sababu mpaka leo sijasikia akitoka.

Bibi yako