Siku Mashine Ilipoifungia Bungoma

Kitale

Kwako Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na lile goti limepunguza kukusumbua. Baba je, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na baridi ya Kitale tumeshazoeana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu huwa unaniharakisha ati krediti itaisha, na habari hii haitaki haraka.

Mama, ile Jumanne baada ya Pasaka, ulipokuwa kwenye foleni ya duka letu la mbegu pale Bungoma na kompyuta zikagoma, mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili.

Hapa ofisi kuu tuna mashine inayolinda mtandao wetu. Inajifunza jinsi kompyuta za ofisi na za maduka zinavyowasiliana siku ya kawaida, halafu inahifadhi iliyojifunza kwenye faili. Kila siku inatengeneza faili mpya. Ikiona kitu kimezidi ilichozoea, inadhani ni kirusi kinasambaa, inafunga njia. Kutunza hizo faili ndiyo kazi yangu.

Sasa, Pasaka kila mahali palifungwa, na mashine ikazoea kimya. Jumanne mvua ikaanza kunyesha, wakulima wakajaa, kompyuta za Bungoma zikaanza kutuma maombi ya mauzo kwa pamoja. Mashine ikashtuka, ikaikatia Bungoma laini.

Meneja wetu, Bwana Kamau, mzaliwa wa Kiminini, akaja mlangoni kwangu.

"Nekesa, zima hiyo kitu watu wauziwe."

"Nikiizima na kumbe kuna kirusi cha kweli, kitatoka Bungoma kiingie mpaka huku. Nipe nafasi niangalie."

"Haya. Lakini watu wananyeshewa."

Nikampigia Wafula, karani wa duka la Bungoma, nikamuuliza kompyuta zao zilikuwa zikifanya nini kabla ya laini kukatika.

"Si tulikuwa tunauza tu, bana. Watu wamefika mpaka barabarani. Wengine walitaka kwenda, lakini kuna mama mmoja wa Bumula amewazuia. Amesema hatoki hapa bila mbegu. Sasa ameanzisha wimbo, hebu sikia."

Akaielekeza simu nje. Mama, sauti yako naijua hata katikati ya kwaya nzima. Wewe unaimba, watu wanaitikia. Nilicheka peke yangu mpaka Bwana Kamau akaniangalia vibaya. Lakini hapo nikawa na hakika kwamba shida haikuwa kirusi. Walikuwa ni watu tu, wengi, wanaotaka kupanda.

Huwa naweka nakala za faili za siku ambazo kazi ilienda vizuri. Nikatoa ya wiki ya kabla ya Pasaka, wakulima walipokuwa wameanza kununua, nikailinganisha na ile ya sikukuu. Ya sikukuu ilikuwa karibu tupu. Nikairudisha ile ya zamani, nikaizuia mashine isibadilishe faili yenyewe kabla sijaikagua, kisha nikaifungulia Bungoma njia. Nikangoja nikiwa nimeshika simu sikioni.

"Imekubali," Wafula akasema, na nyuma yake vigelegele vikapanda.

Nilimwomba akupe simu. Akasema ameogopa, maana umeshafika dirishani na unabishana na mwenzake juu ya aina ya mbegu.

Bwana Kamau akataka kujua kilichonichekesha. Nikamwambia anayeimba ni mama yangu. Akasema, "Kumbe. Basi leo mmefanya kazi wawili. Bila yeye, laini ingerudi ikute duka tupu."

Tangu wiki hiyo nimekabidhiwa mashine za maduka yote, na nimethibitishwa kazini. Nilifurahi, Mama, hata nikakosa wa kumwambia kwanza.

Nisalimie Baba, nyanya yangu Kukhu, na shangazi Nanjala, muuguzi wetu wa Lugulu. Mwambie ndugu yangu Simiyu asome.

Jambo moja limebaki. Mwezi wa nane kampuni itakuwa na siku ya wakulima hapa Kitale, na Bwana Kamau ameomba uje na wanakwaya wenzako muifungue kwa wimbo. Nimekubali kwa niaba yako. Usinigombeze, anza tu kuwafanyisha mazoezi.

Ni mimi binti yako, mwenye furaha tele,
Nekesa