Wimbo wa Vidole vya Mama

Jumapili, 2 Machi

Tumefukuzwa tena. Msimamizi wa ukumbi kazima umeme katikati ya wimbo, eti makelele yetu yanaangusha dari. Dari yake imeoza, lawama zetu! Kaka akapanda juu ya spika, akaimba "Vidole" bila maiki mpaka mwisho, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba. Mimi nikapiga ngoma kwa nguvu zote. Vijana mbele wakaruka, mmoja kapoteza kiatu na bado anacheka. Nilimpenda sana kaka yangu leo. Naliandika kwa sababu halitokei mara nyingi.

Wanatuita wahuni. Bendi ya panki, muziki wa mbio na makelele, basi wahuni. Mpiga besi ni mwalimu wa hesabu, anavaa mashati ya mikono mirefu hata kwenye joto ili wazazi wa wanafunzi wasione michoro ya mwilini. Mpiga gitaa ni fundi redio. Mimi napiga pasi kwa dobi. Uhuni huo tunaufanya saa ngapi?

Jumanne, 4 Machi

Kaka kanifuata kazini, meno yote nje. Kiwanda cha nyuzi kinafanya sherehe, wanatutaka. Jukwaa kubwa, redio itarusha moja kwa moja.

Kiwanda cha nyuzi! Kilichokula vidole viwili vya mama yetu, kikampa blanketi na pole, kikamwambia asirudi. "Vidole" nimeuandika mimi, ndio wimbo uliotufikisha hapa — mashine haina kinga, msimamizi ana haraka, mama ana watoto. Nikamuuliza kama wameusikia. Wameusikia na wameupenda, alisema, huku anatazama sakafu.

Nimeunguza shati la mtu. Dobi kafoka. Hasira zangu hazikuwa za dobi.

Jumatano, 5 Machi

Sasa najua sakafu ilikuwa na nini.

Mazoezi, kwenye stoo ya fundi. Kaka katoa maneno mapya. Pale tulipokuwa tunasema mashine imekula, sasa mikono imejenga. Pale tulipokuwa tunapiga kelele "virudishe!" — sasa "asante". ASANTE! Na mdundo uwe wa taratibu, kutakuwa na wazee.

Nilimrushia kijiti cha ngoma. Kilimkosa, bahati mbaya.

Akasema tumezeekea kwenye vijikumbi vya popo, mlango umefunguka mara moja tu, kwani mimi nataka tubaki kubisha hodi mpaka meno yatoke? Nikamwambia mwenye mlango huo ndiye mwenye mashine. Akasema hasira hazina nyumba, hazina shamba. Nikamwambia asante pia hazina, muulize mama, alizisema miaka yote kwa yule msimamizi wa kiwanda.

Fundi kaendelea kulehemu waya wake kama hayupo. Mwalimu akasafisha miwani, akasema yeye na fundi watafuata ngoma. Yaani nikianza taratibu ni asante, nikianza mbio ni "Vidole". Wamenitwisha mzigo mzima, wenyewe wapunge mikono. Waoga!

Ijumaa, 7 Machi

Kaka kapiga simu. Sikupokea. Kapiga tena. Nimezima.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda kwa mama kumshitaki Kaka. Nilimkuta anachambua maharage, haraka kuliko mimi mwenye vidole vyote. Nikamwaga yote. Nilijua atawaka, pengine atalia. Akaendelea kuchambua.

"Ulipouandika huo wimbo," akasema, "uliniuliza?"

Nikajifanya naokota harage.

"Mwenzako naye kaufuta, hakuniuliza. Mnagombania vidole vyangu kama urithi, na mimi sijafa."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kule bombani wanamwita Mama Vidole. Watoto wanamwimbia kiitikio changu akipita na ndoo. Kabla ya wimbo alikuwa mtu mwenye jina lake, anajulikana kwa ukali na kwa kucheka. Sasa ni kile alichopungukiwa.

Nikamwambia nilimsemea. Akasema ana mdomo.

Nilitoka bila kuaga vizuri. Nimemkasirikia Kaka, nimemkasirikia mama, nimekasirikia hata maharage. Kwani nilifanya ubaya gani? Nani mwingine aliyepiga kelele kwa ajili yake? Hakuna! Nimetembea mpaka nyumbani nikibishana naye peke yangu, na kila mara ananishinda.

Kabla sijatoka, mlangoni kwake, nilimuuliza mama anataka nini basi. Akasema atakuja siku ya sherehe, tutajua.

Jumamosi, 15 Machi

Uwanja wa kiwanda, jua la utosi. Naandika gotini, nimekaa kwenye kiti cha ngoma. Wageni wako chini ya turubai na maji baridi. Wanawake wa zamu wamesimama juani nyuma ya kamba, na sare zao za buluu. Kaka kavaa shati jeupe! Anaongea na mkurugenzi, anacheka kabla mwenzake hajamaliza sentensi.

Mama alikuja nyuma ya jukwaa kabla hatujapanda. Alisema anataka maiki. Azungumze yeye kwanza, ataje jina lake na yaliyompata, kisha tupige wimbo tuutakao, hata huo wa asante. Kaka akamwambia, kwa upole, baada ya wimbo, mama. Mama akasema baada ya wimbo mtashuka. Akaondoka. Nikadhani kaenda zake.

Hakwenda. Yuko kwenye ngazi za mbele. Mlinzi kamzuia.

Mshereheshaji ametutaja. Redio iko hewani. Makofi. Mlinzi kamshika mama mkono — ule wa vidole vitatu. Kaka anaona. Najua anaona, tabasamu limemganda usoni. Mwalimu ananitazama, fundi ananitazama, wote wanangoja nianze.

Sianzi.

Sianzi taratibu wala mbio. Vijiti nimevikalia. Kaka kageuka, midomo inasema anza, anza. Mkurugenzi anakohoa. Wanawake nyuma ya kamba wameacha kupiga makofi, wanatazama ngazi. Hatujawahi kunyamaza hivi tangu tuanze bendi hii, na sijawahi kusikia kelele kubwa namna hii.

Mama kasema neno kwa mlinzi. Mlinzi kamtazama Kaka, anangoja ruhusa.

Kaka kashusha maiki. Anatazama mkono wa mama, ananitazama mimi, sasa anashuka ngazi na kumnyooshea mama maiki.