Safu ya Mleta Taarifa

Chumba cha Kumbukumbu,
Ghorofa ya Chini.
Jumatano, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mapacha, wameacha kugombana? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Unajua niliajiriwa hapa kusoma madaftari ya vifo, tuelewe ile homa ya enzi za babu yenu ilivyoenea. Chumba kina baridi na karatasi zinanuka ukungu. Mama ameshanibandika jina: Bi Makaburi.

Kila mstari una jina la marehemu, umri, mtaa, na pembeni kabisa jina la aliyeleta taarifa. Safu hiyo ya mwisho hatuinakili; mkuu wangu anasema inatupotezea muda. Nilianza kuisoma kwa upweke tu, nijue nani alibaki. Shangazi, hawakubaki. Mwanamke anaandikisha kifo cha mumewe. Nikifunua kurasa chache, marehemu ni yeye, na taarifa imeletwa na dada yake. Nikifunua tena, ni dada. Aliyeuguza ndiye aliyefuata. Siku hizi mkono unasita kabla ya kufunua.

Sasa ya nyumbani. Jirani yetu fundi viatu amefariki kwa homa na kikohozi. Mkewe naye yuko kitandani. Unamjua wifi yako: ameacha cherehani, analala huko huko, anamlisha kwa mkono wake. Nilimpigia nikamsihi avae barakoa, wamwite daktari. Akacheka.

"Bi Makaburi, hao wako walishakufa zamani. Huyu wangu bado anaomba maji."

Nisingetaka mama anayemwacha jirani afe peke yake.

Tafadhali mpigie wewe. Anakusikiliza kuliko mimi aliyenizaa. Usimwambie aache kuuguza, hatakubali. Mwambie afunike pua na mdomo, afungue madirisha, waende zahanati wote wawili wakapimwe. Barua hii nimempa dereva wa basi ikufikie kesho, maana kwenye simu ningelia tu.

Msalimie mjomba, wabusu mapacha.

Kuna jambo nimelichelewesha. Mama alinitajia, kama kitu kidogo, kwamba yeye ndiye aliyekwenda kuandikisha kifo cha fundi viatu. Jina lake limeshaingia kwenye ile safu.

Mungu akulinde, na akuwahishe kwenye simu.

Ni mimi nikupendaye,
Binti wa kaka yako