Mama Mkwe Kasifiwa kwa Zulia Nililolipanga Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimeshinda vita na nimekosa wa kumwambia. Mimi ni mfanya usafi kwenye jengo la ofisi la ghorofa sita, na msimamizi wetu ni mama mkwe wangu, ndiye aliyenitafutia kazi na kunifundisha hata kukamua tambara la deki. Mwezi uliopita mtungi wa maji ya kunywa wa ghorofa ya tatu ulivuja, zulia likalowa, na kwa kuwa ni la vipande vya mraba vinavyobanduka kimoja kimoja, Mama akatuamuru tubandue arobaini, tukavifua pamoja na viwili vya akiba vya stoo, tukavianika juu ya paa, tukavirudisha, na hapo balaa likaanza, sakafu ikatoka na mabaka, kipande hiki kimekolea, jirani yake kimefifia. Mama akasema ni uchafu uliojificha, akaongeza sabuni, tukasugua siku nne hadi magoti yakaota sugu, na kila tulivyosugua ndivyo nyayo za watu zilivyozidi kuganda pale. Meneja wa jengo akaja, akatazama, akasema, "Jumatatu nikikuta hivi, naleta kampuni nyingine." Tuko watu kumi na mmoja, mshauri, na wawili kati yetu tunakula sufuria moja.

Ijumaa Mama akaenda kliniki ya macho, wenzetu wako ghorofa nyingine, mimi nikabandua kipande kimoja kutafuta hereni yangu, nikakuta mgongoni pamechapwa mshale mdogo, nikabandua cha pili, mshale wake unaangalia ukutani, cha tatu unaangalia chooni, nikacheka peke yangu kama mwehu, kumbe hapakuwa na uchafu, tulikuwa tumevirudisha ovyo na manyoya ya kila kimoja yamelalia upande wake. Nikavigeuza vyote vielekee mlangoni kama vile ambavyo hatukuvigusa, nikavifuta kwa maji ya uvuguvugu matupu hadi likaisha povu la sabuni iliyokuwa inanasa nyayo, nikawasha feni, nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi, na hadi saa kumi na moja jioni sakafu ilikuwa rangi moja kutoka kwenye lifti hadi chumba cha mikutano. Nilivua viatu nikatembea juu yake.

Jumatatu meneja akamsifu Mama mbele ya wote na kutuongezea mkataba, Mama akajibu, "Si niliwaambia, dawa ni sabuni." Sasa anataka wiki ijayo tubandue ghorofa zote sita, tufue kwa sabuni maradufu. Mume wangu anasema nimwachie mama yake raha yake. Nikisema namwaibisha, nikinyamaza tunarudi kwenye mabaka mara sita. Nifanyeje?

Mkwe wa Ghorofa ya Tatu

*

Mkwe, pokea pongezi zangu, nakupa kwa mikono miwili. Umeokoa ajira za watu kumi na mmoja kwa sababu ya hereni, na kutembea peku juu ya kazi yako ilikuwa haki yako kabisa. Hereni yenyewe uliipata? Hukusema.

Sasa nikugombeze. Unanuna kwamba umenyang'anywa sifa, na wewe hukufungua mdomo. Mama aliacha sabuni sakafuni, akarudi akakuta sakafu imependeza. Ungekuwa wewe ungeshukuru nini? Halafu umetaja kliniki ya macho kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mshale ni mdogo, mwanangu. Huenda mama wa watu haoni vizuri, na msimamizi hawezi kusimama mbele ya wafanyakazi wake akasema haoni. Na mumeo mwambie raha hiyo itadumu hadi wiki ijayo tu.

Kesho fika kazini na Mama kabla ya wenzenu. Huo mshale achana nao kwanza. Pigeni magoti wote wawili, umwambie apitishe kiganja juu ya zulia, kwenda na kurudi. Upande mmoja ni laini, wa pili unakwaruza. Kiganja hicho kimesugua mazulia kabla hujaolewa, kitaelewa. Kisha chukua kimoja cha vile vya akiba mlivyovifua, kiloweshe, akibonyeze mwenyewe asikie sabuni inavyoteleza hadi leo. Hapo nyamaza. Akianza kusema, usimkatize.

Wasomaji, dada huyu nilimpigia simu nikampa ushauri huu, kwa kuwa wiki isingesubiri gazeti. Juzi kaniandikia hivi:

"Hereni ilikuwa ndani ya mashine ya vumbi. Mama alipitisha kiganja mara tatu, akaniuliza, 'Ulijua tangu lini?' Nikamwambia. Akanigombeza kwa kumficha, na kweli nilikosa, nikamwomba radhi. Wenzetu walipofika akawaita wote ghorofa ya tatu, akasema, 'Sabuni yangu ilitaka kutufukuzisha kazi. Aliyetuokoa ni huyu mkwe wangu. Kaeni chini awafundishe.' Akaketi yeye wa kwanza."